Kupanga upya mikato ya kibodi ya kutafuta katika vihariri maandishi

Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za kazi.

Swali la namna ya kubadilisha mikato ya kibodi ya kutafuta hujirudia kila mara, na jibu lake aghalabu huwa ni mistari miwili mitatu ya msimbo ya kunakili na kubandika. Mistari hiyo humfaa aliyeiandika. Ikifika kwa mwingine hugoma, au huitika pale kishale kinapokuwa ndani ya maandishi na kunyamaza mara kinapohamia kwenye kisanduku cha kutafutia. Nafungua uzi huu kwa hoja moja: kazi kubwa katika kupanga upya mikato hii ni kueleza kitufe kifanye kazi katika hali gani, na kuchagua kitufe chenyewe ni jambo dogo linalofuata baadaye.

Kutafuta ni ukoo mzima wa amri. Kuna amri ya kufungua kisanduku, ya kwenda kwenye tokeo linalofuata, ya kurudi kwenye lililotangulia, ya kutafuta neno lililo chini ya kishale bila kuliandika upya, ya kutafuta katika faili zote za mradi, ya kubadilisha neno kwa jingine, na tena kuna swichi ndogo za kuamua iwapo herufi kubwa na ndogo zitofautishwe, iwapo neno liwe zima, na iwapo kilichoandikwa kisomwe kama ruwaza. Wengi hukimbilia kubadilisha Ctrl+F, ambayo kwa maoni yangu haihitaji kuguswa kabisa, kwa kuwa hubonyezwa mara moja tu kwa kila utafutaji. Zinazobonyezwa mfululizo ni amri za kwenda mbele na kurudi nyuma, na hizo ndizo zilizowekwa mahali pasipofikika: F3 na Shift+F3, ambazo kwenye kompyuta mpakato nyingi hudai kwanza kitufe cha Fn, maana safu ile ya juu imekabidhiwa sauti na mwangaza wa skrini. Jef Raskin, mbunifu wa kompyuta, aliliona jambo hili mapema; kompyuta yake ya Canon Cat, iliyotoka mwaka 1987, ilikuwa na vitufe viwili maalumu chini ya upau wa nafasi, kimoja cha kuruka mbele na kingine cha kuruka nyuma, ambavyo mtu alivishikilia kwa kidole gumba huku akiandika neno analolitafuta.

Tuchukue kihariri cha VS Code kama mfano wa kwanza, kwa sababu masharti yake yameandikwa waziwazi. Ukibonyeza Ctrl+K kisha Ctrl+S hufunguka ukurasa wa mikato, lakini mimi hupendelea kuandika moja kwa moja katika faili ya keybindings.json:

```
{ "key": "alt+n",
  "command": "editor.action.nextMatchFindAction",
  "when": "editorFocus" },
{ "key": "alt+shift+n",
  "command": "editor.action.previousMatchFindAction",
  "when": "editorFocus" }
```

Siri yote iko katika mstari wa tatu. Sharti la `editorFocus` hutimia iwe kishale kiko katika maandishi au katika kijisehemu chochote cha kihariri, kikiwemo kisanduku cha kutafutia. Ukiandika `editorTextFocus` badala yake, ambalo ndilo neno linaloonekana katika mifano mingi inayosambazwa, sharti litatimia pale tu kishale kinapopepesa ndani ya maandishi yenyewe. Ukiwa bado unaandika katika kisanduku, Alt+N itakuwa kama haipo. Hapo ndipo mtu huanza kusema kuwa mkato "wakati mwingine unafanya kazi na wakati mwingine haufanyi", ilhali unatii maagizo yake bila kukosea hata mara moja. Kama unataka mkato uamke pale tu kisanduku kinapoonekana, ongeza `&& findWidgetVisible`, na kitufe hicho hicho kitabaki huru kwa kazi nyingine wakati kisanduku kimefungwa.

Kanuni nyingine ya kukumbuka ni kwamba VS Code husoma orodha ya mikato kutoka chini kwenda juu, na ya kwanza inayolingana kwa kitufe na kwa sharti ndiyo inayoshinda. Mikato ya mtumiaji huwekwa chini ya ile ya asili, kwa hiyo huishinda. Ukitaka kuiondoa ya asili kabisa, unaandika jina la amri likitanguliwa na alama ya kutoa.

Katika kihariri cha Vim hali ni sehemu ya lugha yenyewe, na pengine ndiyo maana watumiaji wake hawalalamikii jambo hili sana. `nnoremap` huhusu hali ya kawaida, `inoremap` hali ya kuandika, `xnoremap` hali ya kuteua. Kinacholalamikiwa huko ni mwelekeo. Ukitafuta kwa `/`, kitufe cha n huenda mbele. Ukitafuta kwa `?`, n hiyo hiyo hurudi nyuma, na mtu aliyesahau alianza na ipi hupotea. Mistari hii miwili huifanya n iende mbele daima na N irudi nyuma daima:

```
nnoremap <expr> n 'Nn'[v:searchforward]
nnoremap <expr> N 'nN'[v:searchforward]
```

Emacs nayo ina ramani tofauti ya vitufe kwa ajili ya kipindi cha kutafuta, iitwayo `isearch-mode-map`. Hii ni hazina ambayo wengi hawaijui. Utafutaji ukiwa unaendelea, kitufe kinasomwa kutoka ramani hiyo kwanza, hivyo unaweza kukipa mshale wa chini kazi ya kwenda kwenye tokeo linalofuata bila kuugusa mshale huo katika uandishi wa kawaida:

```
(define-key isearch-mode-map (kbd "<down>") 'isearch-repeat-forward)
(define-key isearch-mode-map (kbd "<up>") 'isearch-repeat-backward)
```

Sublime Text hutumia kipengele cha `context` kwa kazi hiyo hiyo. Notepad++ ina dirisha rahisi la kupangia mikato ndani ya menyu ya mipangilio, lakini mtumiaji hapewi nafasi ya kuandika masharti. Dirisha hukuonya tu kitufe kinapogongana na kingine. Kwa anayetaka kubadilisha vitufe viwili vitatu inatosha.

Karibuni kwa maswali na kwa kupinga.

Mchangiaji wa pili

Ndugu mwanzisha uzi, nashukuru kwa maelezo. Nina swali kuhusu Vim ndani ya terminali, yaani dirisha la kuandikia amri. Niliamua kuipa Ctrl+Shift+F kazi ya kutafuta katika faili zote, kama ilivyo katika vihariri vya dirisha, lakini tangu hapo hata Ctrl+F ya kawaida, ambayo hushusha ukurasa, imeanza kutafuta. Nimehakikisha kuwa sina mstari mwingine unaoigusa Ctrl+F. Je, hili nalo ni suala la hali?

Mchangiaji wa tatu

Naomba nimjibu mwenzetu. Hapa kosa haliko katika Vim. Terminali ya kawaida haikipelekei kihariri vitufe, inakipelekea herufi. Ukishikilia Ctrl na kubonyeza herufi, namba ya herufi hiyo katika ASCII, jedwali linaloipa kila herufi namba yake, hushushwa hadi iangukie kati ya 1 na 26. F huwa 6, na huwa 6 iwe kubwa au ndogo, kwa hiyo Shift hupotea njiani kabla kihariri hakijapokea chochote. Kihariri hakina namna ya kujua kwamba ulikuwa umeishikilia.

Mantiki hiyo hiyo ina mitego mingine ambayo hugusa utafutaji moja kwa moja. Ctrl+M ni 13, yaani Enter. Ctrl+H ni 8, namba ambayo baadhi ya terminali huituma mtu anapobonyeza kitufe cha kufuta nyuma, hivyo anayehamishia Ctrl+H ya kubadilisha maneno katika terminali anaweza kujikuta dirisha la kubadilisha linafunguka kila anapotaka kufuta herufi. Ctrl+I ni 9, yaani Tab, na hili huwauma watumiaji wa Vim kwa njia ya mzunguko: utafutaji wa `/` huhesabiwa kuwa mruko, Ctrl+O hukurudisha ulipokuwa kabla ya kutafuta, na Ctrl+I hukupeleka tena mbele. Ukiipa Tab kazi nyingine katika hali ya kawaida, umeipoteza Ctrl+I pamoja nayo bila kukusudia.

Terminali kadhaa za sasa zinaelewa itifaki ya kibodi iliyoanzishwa na terminali ya kitty, ambayo hupeleka kitufe pamoja na vishikizo vyake vyote (Ctrl, Shift, Alt), na Neovim, kihariri kilichotokana na Vim, inaielewa. Lakini ni lazima pande zote mbili ziielewe, na programu yoyote iliyo katikati nayo isiivuruge. Kwa anayefanya kazi katika mashine nyingi ningeshauri aiache Ctrl+Shift kabisa na atumie kitufe cha kiongozi, yaani kinachobonyezwa kwanza kabla ya kitufe cha mkato wenyewe, ambacho katika Vim kwa kawaida ni mkwaju wa nyuma (`\`):

```
nnoremap <leader>f :vimgrep //gj **/*<Left><Left><Left><Left><Left><Left><Left><Left>
```

Mstari huo hufungua amri na kukuachia kishale katikati ya mikwaju miwili, tayari kuandika unachokitafuta. Hauvutii macho, lakini unafanya kazi kwenye terminali yoyote ile.

Mchangiaji wa nne

Niongezee palepale kuhusu terminali. Anayetumia Emacs humo akabonyeza Ctrl+S ili atafute, anaweza kuona skrini imeganda na kudhani kihariri kimekufa. Ctrl+S ni ishara ya zamani ya kuisimamisha terminali isiendelee kuchapisha, na Ctrl+Q ndiyo ya kuiruhusu iendelee. Bonyeza Ctrl+Q na kila kitu hurudi. Ukitaka kuizima tabia hiyo moja kwa moja, weka `stty -ixon` katika faili ya mipangilio ya sheli yako, yaani programu inayopokea amri ndani ya terminali. Hapo tunaona kwamba hali ya kitufe haiishii ndani ya kihariri. Terminali nayo ina masharti yake, na huyatekeleza kwanza.

Mchangiaji wa tano

Mimi napinga, kwa heshima zote. Anayebadilisha mikato yake hujifunga kwenye mashine moja. Siku atakapoketi mbele ya kompyuta ya mwenzake, au atakapoingia katika seva isiyo na faili zake, vidole vyake vitamdanganya. Mikato ya asili ina faida moja ambayo hakuna mpangilio binafsi unaoweza kuishinda: ipo kila mahali. Alama ya `/` ya kutafutia, kwa mfano, ilikuwapo katika kihariri cha ed cha Ken Thompson, ikarithiwa na vi ya Bill Joy, ikaingia Vim, na leo inafanya kazi hata katika less, programu ya kusomea faili ndani ya terminali. Kwa nini mtu atupe urithi wa aina hiyo ili aokoe mwendo wa kidole?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, hoja yako ina uzito na kwa sehemu nakubaliana nayo. Ndiyo maana nilisema Ctrl+F isiguswe. Kuna tofauti kati ya kuongeza mkato na kuhamisha mkato. Mifano yangu ya VS Code haikuiondoa F3. Imeongeza Alt+N kando yake, na siku nikiwa kwenye mashine ya mtu mwingine F3 bado ipo na bado naijua. Kinachodanganya vidole ni kukipa kitufe kilichozoeleka maana mpya, kama vile kuifanya Ctrl+F itafute katika mradi mzima badala ya faili moja. Hilo nami silishauri.

Lakini tusidhani kuwa mikato ya asili haibadiliki. Kihariri cha nano kilitafuta kwa Ctrl+W kwa miaka mingi, na anayekitumia ndani ya terminali iliyofunguliwa katika kivinjari anajua balaa lake, kwani Ctrl+W ya kivinjari hufunga kichupo kizima. Toleo la 8.0 la mwaka 2024 limeifanya Ctrl+F ianzishe utafutaji wa mbele na Ctrl+B wa nyuma. Mwenye toleo la zamani anaweza kujipatia tabia hiyo kwa kuweka mstari mmoja katika faili ya nanorc:

```
bind ^F whereis main
```

Neno la mwisho katika mstari huo ni hali: linaeleza kuwa mkato huu ni wa skrini kuu ya uandishi, si wa menyu nyingine za nano.

Mchangiaji wa sita

Hoja ya `/` kuwa ipo kila mahali ina kasoro moja. Inadhani kibodi zote zimepangwa kama ile ya Marekani. Katika mpangilio wa Kijerumani, mkwaju hupatikana kwa Shift+7. Katika ule wa Kifaransa pia hudai Shift. Kitu kilichokusudiwa kuwa mguso mmoja wa kidole kidogo kinakuwa kazi ya mikono miwili. Mahali ambapo mkwaju ungekuwapo katika kibodi ya Marekani, kibodi ya Kijerumani ina kistari, ambacho katika Vim hupandisha kishale mstari mmoja, kazi ambayo k huifanya karibu sawasawa. Kwa hiyo mwenye kibodi hiyo hapotezi kitu akiandika:

```
nnoremap - /
```

VS Code imelifikiria jambo hili. Ukiandika `[Slash]` ndani ya mabano ya mraba badala ya alama yenyewe, mkato hufuata mahali kitufe kilipo kwenye kibodi, bila kujali kimechapishwa herufi gani. Nadhani mtu yeyote anayetaka kushiriki faili yake ya mikato na wengine angepaswa kuanza kwa kujiuliza kama anachokitaka ni herufi au ni mahali.

Jambo hili linagusa pia mfano wa Alt+N. Katika Mac, Option+N ni kitufe cha kuwekea herufi alama ya mawimbi, na anayeandika Kihispania au Kireno anakihitaji. Huko Cmd+G na Cmd+Shift+G ndizo za tokeo linalofuata na lililotangulia, na kwa kweli zimekaa vizuri; sioni sababu ya kuzibadilisha. Zaidi ya hapo kuna Cmd+E, ambayo huchukua maandishi uliyoyateua na kuyafanya neno la kutafutwa, na programu nyingi za Mac hushirikiana neno hilo, kwa hiyo unaweza kuliteua katika moja na kubonyeza Cmd+G katika nyingine. Kwa upande wa Windows, epukeni Ctrl+Alt. Mfumo huo huihesabu AltGr (Alt ya kulia) kuwa sawa na Ctrl na Alt kwa pamoja, na katika mipangilio mingi ya Ulaya AltGr ndiyo inayoandika mabano na alama ya @. Mkato wa kutafuta uliowekwa hapo utakurupuka katikati ya kuandika anwani ya barua pepe.

Mchangiaji wa pili

Nashukuru kwa majibu. Kitufe cha kiongozi kimetatua tatizo la kwanza. Nina la pili. Nimeweka `nnoremap <Esc> :nohlsearch<CR>` ili rangi ya matokeo izimike ninapobonyeza Esc, lakini sasa vitufe vya mishale vinaingiza herufi za ajabu. Na tena, katika VS Code nimeweka Alt+N kama ilivyoelekezwa, lakini kuna kiendelezi, yaani programu ndogo ya nyongeza, nilichokiweka zamani ambacho nadhani kinaidaka kabla. Nitajuaje?

Mchangiaji wa tatu

La kwanza lina asili ile ile. Katika terminali, kitufe cha mshale hutumwa kama mfululizo wa herufi unaoanza na Esc. Ukiipa Esc kazi yake yenyewe, Vim inaweza kuitekeleza mara tu inapoiona, na herufi zilizobaki za mshale huangukia katika maandishi kama amri za kawaida. Katika Neovim, Ctrl+L tayari huzima rangi hizo tangu toleo la 0.6. Katika Vim unaweza kujipatia tabia hiyo hiyo, huku Ctrl+L ikibaki na kazi yake ya zamani ya kuchora skrini upya:

```
nnoremap <silent> <C-l> :nohlsearch<CR><C-l>
```

Mwanzisha uzi

La pili lina dawa katika kila kihariri, na ningependa watu waizoee kabla ya kuuliza. Katika VS Code fungua orodha ya amri kwa Ctrl+Shift+P, uendeshe ile iitwayo "Developer: Toggle Keyboard Shortcuts Troubleshooting", kisha ubonyeze Alt+N. Kumbukumbu itakayofunguka huonyesha kitufe kilichopokelewa, amri iliyochaguliwa, sharti lililotimia, na iwapo mkato huo ulitoka kwako au kwenye kiendelezi. Kama hakuna chochote kinachoandikwa, basi kitufe hakikufika: mfumo endeshi au programu nyingine imekidaka juu yake, na hutakipata kwa kubadilisha keybindings.json hata ufanyeje.

Katika Vim andika `:verbose nmap n`, nayo itakutajia faili iliyoweka mkato huo. Katika Emacs bonyeza Ctrl+H kisha k, halafu kitufe unachokishuku. Lakini ukiwa katikati ya kutafuta, bonyeza Ctrl+H mara mbili kwanza uone orodha ya msaada wa kipindi hicho, kwa sababu ramani ya kutafuta ni tofauti na ile ya kawaida na majibu yake yanaweza kutofautiana. Katika Sublime Text fungua koni na uandike `sublime.log_commands(True)`, kisha ubonyeze kitufe na usome jina la amri iliyoitwa. Kwa swali lako la Alt+N, ukishalijua jina la amri ya kiendelezi kutoka kumbukumbu ile ya VS Code, rudi kwenye faili yako ya keybindings.json, uliandike likitanguliwa na alama ya kutoa pamoja na `alt+n`, na kiendelezi kitaiachia.